Naomba ushauri: "kimbaumbau" ni tusi au ni utani?

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kabla sijavunja undugu. Juzi hapa Ngamiani, Tanga, dada yangu alimwita binti yangu "kimbaumbau", yaani mtu mwembamba sana, mbele ya wageni, naye akaliacha sinia la mkate wa kumimina mkekani akaenda kujifungia chumbani. Mimi nalijua neno hilo kwa utani wa watoto, "kimbaumbau mwiko wa pilau". Lakini mke wangu anashikilia kwamba lina kebehi, kwani "mwembamba" hueleza umbile tu, ilhali "amekonda" hudokeza maradhi au dhiki, na "ng'onda", yaani samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani (nakiri hilo ni kali), ndiyo dharau yenyewe. Je, "kimbaumbau" tuliweke upande gani, na mtu mzima aweza kuitwa hivyo bila kuvunjiwa heshima?