Nimefunga inteki mpya kwenye 350Z, taa ya injini imewaka na sailensi inacheza, tatizo nini wakuu?

Zedi_Usiku

Habari za mda huu wakuu. Nina Nissan 350Z ya 2005, V6 ya lita 3.5, ile yenye inteki moja (njia ya hewa kuingia kwenye injini) na throto moja (kile kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga pedali) (sio ya 2007 kuendelea yenye mbilimbili). Jumamosi nimejifungia mwenyewe inteki niliyonunua kwa mtu ikiwa imetumika, bomba la alumini na filta ya koni, haina jina wala karatasi ya maelekezo. Nimetoa boksi lote la plastiki na ule mkonga wake unaokuja mbele juu ya rejeta, nikahamisha sensa ya eaflo (ile inayopima hewa inayoingia) kutoka kwenye boksi nikaiweka kwenye bomba jipya, nikakaza klampu, nikawasha. Aisee mlio! Nimezunguka nayo saa nzima bila kwenda popote, nakanyaga tu nisikie.

Sasa siku ya pili yake asubuhi nawasha gari sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga) inapanda inashuka, inafika 1,100 kwa dakika afu inaanguka mpaka inataka kuzima, inapanda tena. Jioni taa ya injini ikawaka. Nimeazima kimashine cha kusomea kodi za makosa ya injini kinatoa P0171 na P0174. Na nikikanyaga yote ikifika kama 4,000 hivi inakuwa nzito, yaani zamani ilikuwa inavuta vizuri kuliko sahivi. Nimetoa terminali ya betri nikarudisha, taa ikazima kwa siku moja ikarudi, na juu ya hapo vioo vya madirisha navyo vikasahau kupanda vyenyewe.

Je ni sensa imekufa wakati naihamisha au? Maana nlikuwa nataka kuagiza nyingine ila kabla sijatoa hela nikasema niulize.

Kobe_wa_Lami

Pole mkuu ila na mimi nitasema lililo moyoni. Watu walioitengeneza hiyo gari walikaa na vipimo miaka, wakaweka boksi linalovuta hewa baridi toka mbele, wewe ukalitoa ukaweka koni inayonusa joto la injini. Ulichonunua ni mlio. Mlio mzuri sikatai, lile boksi na mkonga wake kazi yake mojawapo ni kumeza kelele, ukilitoa unasikia kila kitu na sikio linaambia mguu kwamba gari imeongezeka nguvu. Nimeshapanda gari za namna hiyo, tunashuka tukiwa tumechangamka wote, gari yenyewe iko vilevile.

Rudisha boksi ulale.

Mzee_Pistoni

Kobe muache kijana kwanza tumsaidie, mambo ya lawama baadae.

Zedi usiagize sensa. Angalia kodi zako, P0171 ni upande mmoja wa injini una hewa nyingi petroli kidogo, P0174 ni upande wa pili vilevile. V6 ina pande mbili na kila upande una sensa yake ya oksijeni kwenye ekzosi. Upande mmoja tu ungelalamika ningekwambia tafuta kitu cha upande huo. Zote mbili kwa pamoja, na umegusa inteki juzi tu, basi ni kitu ambacho pande zote zinachangia, na hapo ni hewa inayoingia bila kupimwa au eaflo inayosoma pungufu.

Elewa hiyo sensa inavyofanya kazi maana wengi wanaifunga tu. Ndani ina kawaya kanakopashwa moto, hewa ikipita inakapoza, kompyuta inaangalia inahitaji umeme kiasi gani kukaweka kwenye joto lake. Kwa hiyo haipimi hewa yote, inaonja kidogo pale katikati ya bomba afu kompyuta inapiga hesabu ya bomba zima kwa ukubwa ule uliokuwepo kiwandani. Ukibadilisha ukubwa wa bomba pale sensa ilipokaa hesabu inaharibika. Chukua mfano bomba la 70 mm ukaweka la 74, unaona 4 mm sio kitu, lakini eneo la tundu limeongezeka karibu 12%. Hewa ileile inapita taratibu zaidi, kawaya kanapoa kidogo, kompyuta inaambiwa hewa imepungua, inamwaga petroli pungufu kwa kiasi hichohicho.

Naomba vitu vitatu uniletee. Moja, pima kipenyo cha ndani cha bomba jipya na cha pale ilipokuwa sensa zamani. Mbili, ile hozi ya kupumulia inayotoka kwenye kava ya valvu kwenda kwenye bomba la hewa umeifanyaje? Tatu, kama hiyo mashine yako inaonyesha marekebisho ya petroli, yale ya asilimia (kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kiasi gani), nisomee injini ikiwa imeshapata moto, ikiwa sailensi, afu ukiishikilia 2,500 kwa dakika moja, afu ukiwa barabarani unatembea kawaida.

Na usikanyage yote kwa sasa. Ukitembea taratibu sensa za oksijeni zinasaidia kompyuta kurekebisha, ukikanyaga mpaka chini inaacha kuzisikiliza kwa kiasi kikubwa inafuata jedwali lake na namba ya eaflo, na namba ya eaflo ndo inadanganya. Petroli pungufu kwenye mzigo mkubwa ndo inayochoma pistoni.

Binti_Spana

Naongezea kwa mzee, angalia na mshale kwenye sensa, una mwelekeo mmoja tu, hewa inaingilia wapi. Kuna gari niliwahi kuletewa sensa imefungwa kinyume na mwenyewe anaapa ameifunga sawa. Na orini yake ndogo ya mpira, watu wanaiacha kwenye boksi la zamani.

Filta yako ni kavu au ya kupaka mafuta? Kama ni ile ya pamba nyekundu na aliyekuuzia aliiosha akaipaka mafuta kwa upendo, mafuta yakizidi yanasafiri mpaka kwenye kawaya yanakapaka, hapo napo inasoma vibaya. Ikiwa hivyo kuna spre maalum ya kusafishia eaflo, ipulizie, iache ikauke kabisa ndo uwashe. Usitumie ile ya kusafishia breki na usikaguse kwa kidole wala pamba, kale kauzi ni kembamba kuliko unavyofikiri.

Zedi_Usiku

Asanteni sana. Nimerudi na majibu.

Mshale uko sawa, orini ipo, filta ni kavu. Kipenyo nimepima kwa kalipa, bomba jipya linazidi la zamani kwa 4 mm kasoro kidogo, mzee kama ulikuwa umesimama hapa gereji.

Hozi ya kupumulia... bomba jipya halina pa kuichomeka. Kwa hiyo niliitoa nikaweka kifilta kidogo cha rangi pale kwenye kava ya valvu, kinapendeza hata, nimeona watu wengi wanaweka.

Namba: sailensi +24, kwenye 2,500 +13, barabarani +11 na hapo haitoki. Pande zote mbili zinafanana, zinapishana moja au mbili tu.

Na nimeona kitu kingine, joto la hewa inayoingia. Nje ilikuwa 27, nilivyokaa kwenye foleni ikapanda mpaka 58. Nikitembea inashuka.

Mzee_Pistoni

Kazi nzuri kijana, wengine ukiwaomba namba wanakutumia picha ya rimu.

Una magonjwa mawili kwa pamoja ndo maana ilikuwa inakuchanganya.

La kwanza ni hicho kifilta chako cha rangi. Injini yako inavuta mvuke wa chini kwenye oili kupitia valvu ya PCV (ya kutolea huo mvuke) kwenda kwenye manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silenda), na hewa ya kufidia ule mvuke inaingilia kwenye hiyo kava ulikoweka kifilta. Zamani ilikuwa inatoka kwenye bomba baada ya eaflo, yaani imeshahesabiwa. Sasa inatoka nje moja kwa moja, haijahesabiwa na mtu. Kwenye sailensi throto imefunga karibu yote, injini inahitaji hewa kidogo, kwa hiyo huo wizi mdogo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukipandisha mzunguko hewa halali inakuwa nyingi wizi hauonekani. Ndo maana 24 inashuka kwenda 13. Ukiona marekebisho makubwa sailensi yanayopungua ukikanyaga, tafuta uvujaji upande wa manifodi au njia za kupumulia.

La pili ni ile 11 isiyotoka hata ukitembea. Uvujaji wa aina ile ungekuwa umeshapotea. Hiyo ni bomba pana, na namba inakubaliana na kipimo chako karibu kabisa.

Nzito kwenye 4,000 ni hiyo ya pili.

Kobe_wa_Lami

58 kwenye foleni!! Nilisema inanusa joto. Hewa ikipanda nyuzi 3 hivi inapungua uzito kama 1%, kwa hiyo pale ukiwa umesimama umepoteza karibu 10% ya hewa uliyonunulia bomba.

Binti_Spana

Kobe tuwe wa haki, hiyo ni akiwa amesimama. Akitembea inashuka kama alivyosema, na hakuna anayeshindana kwenye foleni. Ila ni kweli koni bila kizuizi cha joto ni kazi nusu. Kizuizi chenyewe kiwe kinafunga mpaka kwenye boneti na kina njia ya hewa kutoka mbele, sio kile kibati cha pambo kinachosimama upande mmoja.

Na kabla mtu hajamshauri ile ya bomba refu linaloshuka chini nyuma ya bampa, ndiyo, hewa ya kule ni baridi kweli, ila filta inakaa karibu na lami. Ukiingia dimbwi filta ikazama, injini inanyonya maji, maji hayabanwi kwenye silenda kama hewa, koneting rodi inapinda. Nimeifungua moja ya namna hiyo, ilikuwa ya umbo la ndizi. Mwenye gari aliomba aende nayo nyumbani.

Zedi njia zako ni hizi. Hozi ya kupumulia lazima irudi kwenye bomba baada ya eaflo, hilo halina mjadala, toboa uweke nipo (kabomba kafupi) ya kuchomekea na ulitoboe bomba likiwa nje ya gari, vipande vya alumini visiende kwenye throto. Kwa upana, aidha upate bomba ambalo pale kwenye sensa lina kipenyo kama cha zamani, au ubaki na hili uende kwa mtu anayejua kurekebisha ramani ya eaflo kwenye kompyuta (lile jedwali la kugeuza namba ya sensa kuwa kiasi cha hewa), akiwa na kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosi. Marafiki zetu wa Subaru za turbo hilo wanalijua, huwa hawagusi bomba la eaflo bila kurekebisha kompyuta, na waliogusa bila kurekebisha wamenunua pistoni.

Zedi_Usiku

Mrejesho. Kwanza nimetoboa bomba (nje ya gari dada, usiogope) nikarudisha hozi. Sailensi ikatoka 24 ikaja 12, haichezi tena. Yaani kifilta kimoja cha pambo.

Afu jana nikasema nijaribu kurudisha boksi la zamani lote na mkonga wake ili nione tofauti, nikaweka filta mpya ya kawaida ya bapa maana ile ya ndani ilikuwa na majani na mende mmoja. Nikafanya na ile ya kuifundisha kompyuta sailensi upya kwa kukanyaga na kuachia pedali kwa mpangilio wake, mara ya nne ndo ikakubali, yale mambo ya kuhesabu sekunde yanataka roho ngumu. Sasa inasoma +2 mpaka +3 kila mahali, sailensi imetulia 650, joto la hewa kwenye foleni halifiki hata karibu na lile la juzi. Na kwenye 4,000 inapita kama hakuna kitu.

Kobe sema tu.

Kobe_wa_Lami

Mwenda tezi na omo...

Zedi_Usiku

Najua, marejeo ngamani 😂. Ila naomba niseme ukweli, imekuwa kimya mno. Nikikanyaga nasikia matairi. Mzee hivi nikipata bomba la kipenyo sawasawa na kizuizi cha joto cha maana, kwa hii injini nategemea nini cha kweli?

Mzee_Pistoni

Kwa injini isiyo na turbo iliyobaki ya kiwandani kwingine kote, kidogo sana, na mzunguko wa juu tu kama ipo. Kama unataka kujua badala ya kuamini, chukua kipimo cha presha ya hewa, choma kabomba kadogo kati ya filta na throto, kanyaga yote mpaka mwisho wa mzunguko uone presha inashuka kiasi gani chini ya ile ya nje. Ikishuka kidogo basi boksi lako halibani kitu na hakuna inteki itakayokupa kisichokuwepo. Ikishuka sana tuongee.

Kama ni mlio unataka, sema ni mlio, hakuna aibu. Nunua bomba la kipenyo sawa, hozi ya kupumulia irudi, kizuizi kiwepo, usome asilimia zako kabla na baada. Zikibaki ndani ya 5 hivi kanyaga.

Binti_Spana

Na hilo bomba la zamani usimuuzie mtu bila kumwambia ni pana.

Zedi_Usiku

Nimeshaliandika kwa maka peni upande wa ndani, "pana 4 mm". Kile kifilta cha rangi mtoto amechukua anachezea. Naenda kutafuta kabomba ka kipimo, nikipata namba narudi.