Tupeane uzoefu: Mahali salama pa watoto kuchezea na kubuni mtaani, ninyi mlianzaje?

Mwana Ngamiani:
Wakuu, habari za saa hizi. Niko Tanga mjini, Ngamiani hizi za barabara za namba. Mtaani kwetu kuna banda lililokuwa la kuuzia mkaa, mwenyewe amekubali tulitumie kwa ajili ya watoto, kodi hataki. Tupo kina mama kadhaa na fundi seremala mmoja. Tunataka watoto wawe na pa kuchora, kutunga michezo na kutambiana hadithi, badala ya kushinda banda umiza wakiangalia picha za wakubwa, au kwenda Deep Sea, kule soko la samaki, kuparia watu samaki. Nadharia sitaki. Aliyewahi kufanya aniambie: nani anakaa na watoto, saa ngapi, na wasichana mliwapataje? Tulipojaribu walijaa wavulana watupu.

Bi Makorora:
Mwanangu, hilo la wasichana niulize mie. Nilianzia uani kwangu na mkeka, chaki na maboksi ya dukani. Wavulana hao, tele! Mabinti hawaonekani. Nikapita kwa mama zao mmoja mmoja, jibu likawa lile lile: ana mdogo wake wa kumbeba, ana vyombo, ana maji ya kuteka. Nikasema basi, aje na huyo mdogo. Nikatandika jamvi jingine la wachanga, nikamwomba bibi jirani yangu, ambaye kutwa yuko barazani anasuka ukili, ahamishie ukili wake uani kwangu. Anasuka huku jicho liko kwa wachanga. Ndipo mabinti walipokuja, na mpaka leo ndio wengi.

La pili ni choo. Choo cha pazia la gunia binti wa miaka 11 haingii. Atajibana, ataondoka, na kesho humuoni. Mlango wenye komeo la ndani utangulie, penseli baadaye.

Saa nazo, usishindane na chuo. Alasiri watoto wako kwa ustadhi. Sisi tunafungua Alhamisi na Ijumaa jioni, chuo kikiwa kimefungwa, na Jumamosi asubuhi. Ustadhi mwenyewe sasa ndiye anayetutangazia.

Vifaa visikutishe, upo Tanga! Katani fupi zinazobaki kwa wasuka kamba tunafanyia nywele za midoli, ndevu za wazee wa maigizo, hata brashi za rangi. Kuna siku niliwasimulia jinsi Mjerumani Hindorf alivyoagiza miche 1,000 ya mkonge mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na huo ndio ukawa mwanzo wa mashamba yote haya. Nikawaachia watunge igizo. Wee! Ugomvi mtupu, kila mmoja anataka kuwa mche uliopona, wa kufia melini hapatikani. Mwisho kitoto kimoja kikasema kitakufa, ila kife kwa kuimba. Tukacheka mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Mtoto wa Dunda:
Shikamoo Bi Makorora. Mimi niko Bagamoyo. Huku tumelelewa na ngoma, maana Chuo cha Sanaa, siku hizi TaSUBa, kiko pale pale, na mtoto wa mtaani anaanza kupindua sarakasi mchangani hata darasa la kwanza hajafika. Kwa hiyo walimu wa kujitolea sisi hatukosi. Shida yetu ilikuwa nyingine: unamjuaje huyu anayejitolea? Kuchangamka na watoto si cheti.

Tukakubaliana mambo mawili. Hakuna mtu mzima kubaki na mtoto peke yake, awe mwalimu, awe mjumbe, awe mimi. Na banda tuling'oa mlango, ukuta wa mbele tukaushusha uwe wa kiunoni. Mama wa vitumbua aliye ng'ambo ya njia anaona kila kitu. Kuna kijana mmoja alikataa sharti la kwanza, akasema tunamvunjia heshima. Tulimwaga kwa heshima zote.

Kipanga:
Angalieni na wafadhili. Kwetu walikuja, wakagawa fulana, wakapiga picha, wakapaka ukuta katuni. Walipoondoka kila mtu akawa anasubiri warudi, mpaka kiwanja kikageuka cha kufyatulia matofali. Anzeni na mnachoweza kukiendesha wenyewe. Na maandishi ya mwenye banda myachukue mbele ya mwenyekiti wa mtaa, neno la mdomo halizuii mnunuzi.

Dada wa Ustawi:
Nyongeza ndogo. Watoto wakizoea mahali huanza kusema. Niliwahi kukaa na mtoto anachora nyumba yao, akanieleza jambo zito bila hata kuinua macho. Usishtuke mbele yake, usimhoji kama polisi, usimwahidi kuwa utaificha siri, na usikimbilie kuita kikao cha familia, kwa sababu anayemdhuru anaweza kuwa ndiye atakayefungua kikao kwa dua. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto pale polisi. Namba 116 ni ya bure, iandikeni ukutani kwa herufi kubwa, chini, usawa wa macho ya mtoto.

Mwana Ngamiani:
Ahsanteni mno. Fundi kasoma yote, kasema mlango wa banda anaung'oa Jumamosi na kuufunga chooni, komeo atatoa yeye. Kwa mwenyekiti naenda kesho. Bi Makorora, hizo katani unauziwa?

Bi Makorora:
Naombaga tu. Nenda kwa wasuka kamba jioni wakifagia, na gunia lako mkononi. Ila zichambueni vizuri kabla ya kuwapa watoto, zina vumbi linawasha hilo!