Tupeane uzoefu: kutunga na kufumbua chemsha bongo za mantiki (Mwanza na Kanda ya Ziwa karibuni)

Nahodha wa Kamanga

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaopenda mafumbo ya "nani alikuwa wapi na alibeba nini". Naomba tuweke mbinu na namba zake. Hadithi za nani alikuwa kipanga darasani tuziache pembeni. Naanza na fumbo dogo. Lina kasoro niliyoiweka makusudi, na kasoro yenyewe ndiyo mada.

Wachuuzi wanne, Kulwa, Masanja, Nyamizi na Sabina, wamepanga foleni ya kivuko cha Kamanga. Kila mmoja ana beseni la samaki wa aina moja: sangara, sato, dagaa au furu (samaki wadogo wa Ziwa Victoria). Hakuna aina iliyojirudia.

1. Mwenye dagaa yuko nyuma ya Masanja, hakuna mtu katikati yao.
2. Nyamizi si wa kwanza wala wa mwisho, na hana sato.
3. Mwenye sangara yuko mbele ya Kulwa, na kati yao yupo angalau mtu mmoja.
4. Mwenye sato yuko nyuma ya Sabina, hakuna mtu katikati yao.

Taja foleni nzima na beseni la kila mtu.

Binti Kirumba

Nahodha, dalili hazitoshi. Majibu ni mawili:

Jibu la kwanza: Masanja (sangara), Nyamizi (dagaa), Sabina (furu), Kulwa (sato).
Jibu la pili: Sabina (sangara), Masanja (sato), Nyamizi (dagaa), Kulwa (furu).

Yote yanapita dalili zote nne. Mtu akipata mojawapo ataondoka ameridhika, na mwenzake mwenye jingine watabishana mpaka kivuko kiondoke.

Dawa ni dalili ya tano: "Kulwa hana furu." Hapo fumbo linafunguka bila kubahatisha hata mara moja. Angalieni nafasi ya mwisho. Dalili ya 1 inamkatalia Masanja, kwa sababu lazima awepo mtu nyuma yake. Dalili ya 2 inamkatalia Nyamizi. Dalili ya 4 inamkatalia Sabina. Anabaki Kulwa, wa nne, ingawa hakuna sentensi iliyomtaja kuwa wa mwisho.

Sasa Kulwa ana nini? Si sangara (dalili ya 3), si furu (ya 5). Tuseme ana dagaa: basi Masanja ni wa tatu, Nyamizi hawezi kuwa wa kwanza kwa hiyo ni wa pili, Sabina wa kwanza, na mwenye sato yuko nyuma ya Sabina, yaani Nyamizi. Dalili ya 2 inakataa. Basi Kulwa ana sato, Sabina yuko mbele yake moja kwa moja, wa tatu. Nyamizi ni wa pili, Masanja wa kwanza, dagaa ni za Nyamizi, sangara lazima wawe nafasi mbili au zaidi mbele ya Kulwa kwa hiyo ni wa Masanja. Furu ni za Sabina.

Na msiidharau ile "hana sato" iliyochomekwa mwishoni mwa dalili ya 2. Mkiifuta, hata kama ya tano ipo, linaingia jibu jingine: Sabina sangara, Nyamizi sato, Masanja furu, Kulwa dagaa. Jaribuni.

Mwalimu wa Igoma

Safi sana dada. Kwa wanaoanza, chora jedwali kwenye daftari la hesabu lenye viboksi. Fumbo la mafungu matatu (majina, samaki, nafasi) yenye vitu vinne vinne linahitaji vipande vitatu vya 4 kwa 4, jumla viboksi 48: majina dhidi ya samaki, majina dhidi ya nafasi, na nafasi dhidi ya samaki. Mafungu manne yenye vitu vitano ni vipande sita, viboksi 150, na hapo ukurasa wa daftari dogo haukutoshi. Tumia karatasi ya A4 kwa ulalo.

Alama ni mbili: X kwa "haiwezekani", vema kwa "ndiyo". Ukiweka vema, papo hapo weka X kwenye viboksi vingine vyote vya mstari ule na safu ile ndani ya kipande kile. Wengi wanafika hapo tu. Hatua inayosahaulika ni kuhamisha X kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Ukishajua Nyamizi ana dagaa, kila X ya Nyamizi kwenye nafasi ni X ya dagaa pia. Nyamizi si wa kwanza, basi dagaa si wa kwanza. Fumbo likikugomea katikati, mara tisa kati ya kumi ni X ambayo hujaihamisha, si dalili iliyokosekana.

Kisha rudi kwenye dalili ya kwanza kabisa. Dalili moja husomwa mara tatu nne katika fumbo moja, kwa sababu "nyuma ya Masanja" haina msaada mkubwa mwanzoni lakini inakuwa na nguvu mara nafasi mbili zikishazibwa.

Penseli, si kalamu.

Fundi Nyegezi

Upande wa kutunga. Anza na jibu, kisha andika dalili. Anayeanza na dalili anaishia na fumbo lisilo na jibu au lenye majibu sita.

Jibu likiwa mkononi, andika sentensi za kweli kumi na mbili hivi kuhusu hilo jibu, halafu anza kupogoa. Ondoa moja, fumbua upya. Jibu likibaki moja, iache nje. Yakiwa mawili, irudishe. Endelea mpaka kila iliyobaki ukiigusa fumbo linabomoka. Fumbo la Nahodha likishawekewa dalili ya tano ya dada Binti Kirumba limefikia hapo.

Pima nguvu ya kila dalili kabla ya kuichagua. Watu wanne kwenye foleni wana mipangilio 24. Angalia kila aina ya dalili inabakiza mingapi:

- "A ni wa mwisho": 6
- "A si wa mwisho": 18
- "A yuko mbele ya B": 12
- "A yuko mbele ya B, hakuna mtu katikati": 6
- "A yuko mbele ya B, na kati yao yupo angalau mmoja": 6

Umeona ya kwanza na hizo mbili za mwisho? Nguvu ni ile ile, lakini ya kwanza inampa mtu jibu mdomoni, hizi nyingine zinamfanyisha kazi. Fumbo tamu hujengwa kwa dalili za aina hiyo. Kanuni yangu ni kwamba dalili ya "ndiyo" ya moja kwa moja isizidi moja kwa fumbo, na isiwe ya kwanza kwenye orodha.

Halafu epuka dalili zote kuwa za "si". Zinachosha. Mfumbuzi anajaza X thelathini bila kuona mlango.

Jiwe la Bismarck

Nachangia upande wa lugha, maana fumbo zuri linauawa na sentensi mbovu.

"Wote hawakubeba dagaa." Hakuna hata mmoja aliyebeba, au si wote waliobeba? Andika "hakuna aliyebeba dagaa" au "angalau mmoja hakubeba dagaa". Halafu "baada ya": mtu wa pili na wa nne wote wako baada ya wa kwanza. Kama unamaanisha anayefuata, sema hakuna mtu katikati. "Au" nayo itolewe ufafanuzi mwanzoni, kama inaruhusu vyote viwili au kimoja tu.

Saa. Ukitunga fumbo la mabasi au boti, chagua saa za Kiswahili au za tiketi na usichanganye. "Saa 1" ya asubuhi na "7:00" kwenye fumbo moja ni mtego usio wa haki.

Na majina. Huku kwetu Kulwa ni pacha wa kwanza kuzaliwa, Doto wa pili. Ukiwaweka wote wawili kwenye fumbo la umri, msomaji wa Mwanza kashapata dalili ya bure ambayo wa Mtwara huenda hana. Ama liandike wazi, ama mtumie Kulwa peke yake kama alivyofanya Nahodha. Uzuri mmoja wa Kiswahili ni kwamba "yeye" haisemi mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo dalili haivujishi jinsia. Ila ukiandika "mumewe" ushavujisha.

Mpimaji Mwaloni

Nyie mko kwenye foleni, mimi niko kwenye mizani ya sahani mbili.

Mawe 9 ya mizani yanafanana, moja ni jepesi. Pima mara mbili tu ulipate. Gawa matatu matatu: fungu la kwanza dhidi ya la pili. Sahani inayopanda ndiyo yenye jepesi; zikilingana, liko fungu la tatu. Kisha moja dhidi ya moja. Sababu ni kwamba kila kupima kuna matokeo matatu (kushoto, kulia, sawa), na 3 × 3 ni 9. Mawe 10 kwa mara mbili hayawezekani hata ufanyeje.

La wakubwa: mawe 12, moja bovu, na hujui ni jepesi au zito. Mara tatu. Uwezekano ni 24 (mawe 12, kila moja jepesi au zito), matokeo ni 27, kwa hiyo nafasi ni finyu sana. Ukianza 6 dhidi ya 6 umeshapotea: mizani haiwezi kulingana, unabaki na uwezekano 12 wakati vipimo viwili vinamudu 9 tu. Ukianza 5 kwa 5 na ikalala upande, unabaki na 10. Ukianza 3 kwa 3 na ikalingana, 12. Ni 4 kwa 4 pekee inayogawa 8, 8, 8.

Ikilingana, bovu ni 9, 10, 11 au 12. Pima 9, 10, 11 dhidi ya matatu mazima. Zikilala upande umeshajua bovu ni zito au jepesi, malizia 9 dhidi ya 10. Zikilingana, ni 12, pima na zima.

Isipolingana, tuseme 1, 2, 3, 4 ndiyo upande mzito dhidi ya 5, 6, 7, 8. Pima 1, 2, 5 dhidi ya 3, 4, 6. Kushoto kukiwa kuzito: ni 1 au 2 zito, au 6 jepesi, pima 1 na 2. Kulia kukiwa kuzito: 3 au 4 zito, au 5 jepesi, pima 3 na 4. Sawa: 7 au 8 jepesi, pima 7 na 8.

Hilo jiwe la 5 kuhama sahani ndilo roho ya fumbo. Wanaokwama hapa hukwama kwa sababu wanaogopa kuchanganya mawe ya pande mbili.

Binti Kirumba

Kwa wapenda wakweli na waongo. Wapiga debe watatu stendi ya Nyegezi, kila mmoja ama husema kweli daima ama uongo daima (kwa wapiga debe tunajua uwiano, lakini tuendelee). Wa kwanza: "Wa pili ni mwongo." Wa pili: "Wa kwanza na wa tatu ni wa aina moja."

Ukiuliza "kila mmoja ni nani?" fumbo ni bovu, kwa sababu wa kwanza anaweza kuwa mkweli na wa pili mwongo, au kinyume chake. Lakini wa tatu ni mwongo katika hali zote mbili. Kwa hiyo swali halali ni "wa tatu ni nani?" Kabla ya kutupa fumbo lenye majibu mawili, tazama kama kuna kitu kinachofanana katika yote mawili. Pengine lililokosewa ni swali tu.

Kijana wa Buzuruga

Wakuu, lile fumbo maarufu la nyumba tano, la kutafuta nani anafuga pundamilia, ni kweli la Einstein? Na kukagua majibu kwa mkono si kazi sana?

Fundi Nyegezi

Mdogo wangu, lilichapishwa kwenye jarida la Life International tarehe 17 Desemba 1962. Einstein alikuwa ameshafariki 1955, na hakuna ushahidi kwamba alilitunga yeye. Ile kauli inayosambaa kwamba "asilimia 2 tu ya watu ndio wanaoweza" kulifumbua ipuuze. Mipangilio yake ni zaidi ya bilioni 24, ila kwa jedwali na utulivu linafumbulika.

Kukagua: fumbo la Nahodha lina mipangilio 24 ya watu mara 24 ya samaki, yaani 576. Kwa mkono ni mateso. Programu fupi ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) inayopita mipangilio yote na kuchapa inayotimiza dalili ni mistari isiyozidi ishirini, na simu inatosha kuiendesha. Ikichapa mstari mmoja, umemaliza. Ikichapa sifuri, kuna dalili umeiandika vibaya. Lakini programu haikuambii kama mtu anaweza kufika bila kubahatisha, kwa hiyo bado mpe binadamu mmoja ambaye hajaliona.

Kijana wa Buzuruga

Shukrani. Swali kwa Mpimaji: kama kwenye yale 12 pengine hakuna bovu hata moja?

Mpimaji Mwaloni

Uwezekano unakuwa 25, bado chini ya 27, na hatua ni zile zile. Mizani ikilingana mara zote tatu, yote ni mazima. Ukitaka 13 na una hakika bovu lipo, mara tatu zinatosha kulitaja: 4 kwa 4, zikilingana pima matatu kati ya yale matano dhidi ya mazima, zikilingana tena pima moja kati ya mawili yaliyobaki dhidi ya zima. Likilingana nalo, bovu ni lile ambalo halijapanda mizani kabisa, na hutajua kama ni jepesi au zito.