Tangazo la shule kwa wazazi wa mwaka wa 4 wa humanite: nikiwa na mchana mmoja tu, niende kikao kipi?

Mama wa Katuba

Wazazi na walimu wa Lubumbashi, nawasalimu kwa heshima. Binti yangu anasoma mwaka wa 4 wa humanite, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, opsioni (mchepuo) ya Pedagojia, katika shule moja ya mjini ambayo sitaitaja, kwa kuwa sikuja hapa kuishtaki. Ijumaa usiku shule ilituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi tangazo la ukurasa mmoja, la Kifaransa kitupu, lililopigwa picha karatasi ikiwa imepinda, hata mstari wa mwisho ukakatika katikati. Binti alinisomea huku akinifasiria. Kuna kuhakiki orodha ya watahiniwa Jumanne saa nane mchana. Kuna mkutano mkuu wa wazazi Jumamosi inayofuata. Kuna mtihani wa majaribio. Kuna sherehe ya siku ya elimu tarehe 30 Aprili, ambayo kila mwanafunzi ameombwa mchango wake. Kuna jambo linaloitwa "hors session". Na chini kabisa kuna malipo ya kushiriki Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ambayo tarehe yake ya mwisho ndiyo hiyo iliyokatika.

Mimi nauza samaki wakavu katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Natoka nyumbani kabla ya kupambazuka. Nikiiacha meza mchana mmoja, jirani yangu ananiuzia. Nikiiacha siku mbili, wateja wanamzoea yeye. Baba watoto yuko kazini Kolwezi na hurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo naomba mnieleze mambo matatu. Kati ya vikao hivi, ni kipi ambacho mzazi hapaswi kukikosa? Malipo ya Exetat yamo ndani ya minervali (ada ya shule) tuliyokwisha kulipa, au ni fedha nyingine? Na hiyo "hors session" ni mtihani wenyewe au ni maandalizi tu? Binti anasema ni mtihani, lakini anasema hivyo huku anacheka, nami sijui nimwamini kiasi gani.

Mwalimu wa Kampemba

Mama, asante kwa kuuliza mapema. Nimefundisha Kifaransa katika madarasa ya mwisho kwa miaka mingi, na kila mwaka naona wazazi wakijaa kwenye sherehe na kukosekana kwenye kile kikao kinachoonekana kuwa cha makaratasi matupu. Kama una mchana mmoja tu, utoe huo wa Jumanne.

Shule hupeleka majina ya watahiniwa, kisha orodha hurudi ili ikaguliwe kabla ya kufungwa. Kila kilichoandikwa pale, yaani jina, postinomu (jina linalofuata jina la familia), prenomu (jina la mtu binafsi), jinsia, mahali na tarehe ya kuzaliwa, ndicho kitakachochapishwa kwenye diploma ya Serikali. Utasema binti mwenyewe anaweza kujisomea. Anaweza, lakini mtoto hutazama jina lake kama alivyozoea kuliandika tangu shule ya msingi, na pengine aliyeliandika hivyo mara ya kwanza alikuwa mwalimu wake wa darasa la kwanza, si wewe uliyemzaa. Cheti cha kuzaliwa kiko sandukuni kwako. Tena wanafunzi wengi huogopa kumwambia prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, kwamba katibu wake amekosea herufi moja. Mama mzazi haogopi. Nenda na cheti hicho, buletini (ripoti ya matokeo) ya mwaka wa 3 na cheti cha kumaliza shule ya msingi, uviweke pamoja mezani, usome herufi kwa herufi. Vyeti vyenyewe visipolingana, ni afadhali ujue leo.

Kuhusu "hors session", binti yako amesema kweli, hata kama alicheka. Ni sehemu ya Exetat yenyewe, na hutangulia mitihani ya kikao cha kawaida kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo wanapoandika disertasio, yaani insha ya Kifaransa, wanapohojiwa Kifaransa kwa mdomo mbele ya jopo, na wanapofanya mtihani wa vitendo kwa opsioni zenye vitendo. Kikao cha kawaida huja baadaye, kwa siku nne, na maswali yake ni ya kuchagua jibu: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya opsioni. Sababu ya kuvitenganisha inaeleweka. Insha haisahihishwi kama maswali ya kuchagua. Inahitaji msahihishaji aliyekaa na kalamu yake, na mtahiniwa wa mdomo anahitaji watu wa kumsikiliza mmoja mmoja.

Kwa mwanafunzi wa Pedagojia kuna jambo ambalo tangazo halikulieleza, nami naona ni kosa la shule. Mtihani wake wa vitendo ni kufundisha. Atasimama mbele ya watoto wa shule ya msingi, na jopo limekaa nyuma ya darasa. Atatakiwa awe na fishi ya maandalizi (mpango wa somo) iliyoandikwa kwa usafi na vifaa vya kuonyesha. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepangiwa somo la kuota kwa mbegu. Alipanda mahindi kwenye makopo matatu, moja siku kumi kabla, la pili siku sita, la tatu siku mbili, akayapanga mezani, na watoto wakaona wenyewe mzizi unavyotangulia jani. Mwenzake alileta mchoro uliochorwa usiku kwa bik ya bluu, na kutoka dawati la pili hakuna aliyeona kitu. Kwa hiyo muulize binti amepangiwa somo gani na anahitaji nini, maana karatasi kubwa na kalamu za rangi hazipatikani saa moja asubuhi siku ya mtihani.

Mtihani wa majaribio hauhitaji mzazi awepo. Unahitaji tu mtoto asitumwe sokoni wiki hiyo. Nisamehe, Mama, lakini nimesema.

Baba wa Ruashi

Naunga mkono maneno ya mwalimu kwa yaliyonipata mimi mwenyewe. Jina la familia yetu ni Mwamba, kwa W. Mwaka wa kijana wangu wa kwanza, tangazo la kuhakiki orodha lilikuja ndani ya jurnali ya darasa (daftari la mwanafunzi la kila siku), karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa msimu wa mvua, begi lililowa, na karatasi ilipofika kwangu wino ulikuwa umesambaa. Nikaona muhuri na neno "parents", nikadhani ni habari ya fedha kama kawaida, nikatia sahihi na kuirudisha. Kijana alifaulu. Tulimpaka poda kichwani mpaka shingoni, akazunguka mtaani mweupe kama mwokaji mikate, na sisi nyuma yake tunaimba. Diploma ilipokuja, imeandikwa Muamba, kwa U.

Wapo watakaosema ni jina lile lile, na masikioni ni lile lile. Lakini siku alipotaka kwenda kusoma nje, cheti cha kuzaliwa kilisema moja na diploma ikasema jingine, na kila dirisha tulilofikia lilitutuma kwenye dirisha lingine. Barua, nakala zenye muhuri, safari, simu za Kinshasa. Tulimaliza mwaka mzima na miezi juu yake, na nafasi aliyokuwa ameipata ilikwisha kwenda kwa mtu mwingine. Simlaumu katibu wa shule peke yake, kwa sababu niliitwa nami sikwenda. Mama, nenda Jumanne.

Mjumbe wa komite ya wazazi

Nakubaliana na ndugu zangu kuhusu Jumanne, ila sipendi Jumamosi idharauliwe. Mkutano mkuu ndipo michango ya ziada inapopendekezwa na kupitishwa, na katika muhtasari asiyehudhuria huhesabiwa kama aliyekubali. Halafu tunasikia manung'uniko mwezi wa sita. Kama mama hawezi kufika, amtume mtu mzima wa nyumbani, mwenye barua fupi yenye sahihi yake, asiwe tu kijana wa kukaa na kusikiliza.

Sasa nijibu swali la fedha, ambalo naona limepitwa. Malipo ya kushiriki Exetat hayamo ndani ya minervali. Wazazi wengi huchanganya kwa sababu wamesikia kwamba elimu ni bure. Kilicho bure ni elimu ya msingi katika shule za umma: Katiba ya 2006 inasema hivyo katika kifungu cha 43, na utekelezaji wake ulianza mwaka wa masomo wa 2019. Humanite haikuguswa na hatua hiyo, na malipo yake hupangwa kwa agizo la gavana wa jimbo, ambalo hutolewa kwa ajili ya kila mwaka wa masomo. Mzazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa agizo hilo katika ofisi ya shule, na prefe mwenye heshima zake hakasiriki akiombwa. Gharama za Exetat nazo zina kiwango chake kilichopangwa, na zina risiti yake peke yake. Usikubali kuandikiwa risiti moja yenye neno "divers" (mengineyo) iliyojumlisha minervali iliyobaki, Exetat na fulana ya sherehe, kwa maana siku ya ubishi hutaweza kuonyesha ni lipi ulilolipa.

Tarehe iliyokatika kwenye picha usiisubiri mpaka baba watoto arudi mwisho wa mwezi. Iulize siku hiyo hiyo ya Jumanne, kwa mhasibu mwenyewe, si kwa mlinzi wa getini.

Kuhusu mchango wa 30 Aprili, hiyo ni siku ya kitaifa ya elimu na ni vizuri walimu waheshimiwe, lakini mchango wa sherehe ni hiari. Katika maagizo yote ya gavana niliyowahi kusoma sijaona mstari wa fulana wala wa soda. Hilo ni la kusema Jumamosi, kwa adabu, mbele ya wote.

Mzazi wa mwaka wa 8

Samahani kuingilia. Sisi wa mwaka wa 8 nasi tumeitwa kikao cha TENASOSP, jaribio la kitaifa la kuwaelekeza wanafunzi, wiki hiyo hiyo. Kina uzito kama huo wenu?

Mwalimu wa Kampemba

Kina uzito, ila wa aina nyingine. Jaribio hilo humwelekeza mtoto kwenye opsioni atakayosoma miaka minne ya humanite. Nenda ukiwa umekwisha kuongea na mtoto nyumbani. Hapa kwetu, kwa sababu ya migodi, baba wengi hufika wakiwa wamekata shauri kwamba ni umeme au makanika, na mtoto ameketi kando akitazama viatu vyake. Kwenye kikao hicho mwache azungumze yeye kwanza.

Mama wa Katuba

Narudi kuwashukuru na kuwapa habari. Jumanne nilimwachia jirani meza, nikafika shuleni saa nane kasoro. Orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa mhasibu, ndani ya plastiki, na wazazi tulikuwa sita tu kwa darasa lenye watoto zaidi ya hamsini. Jina la binti liko sawa, postinomu sawa, prenomu sawa, tarehe sawa. Lakini mahali pa kuzaliwa wameandika Likasi! Binti amezaliwa hapa hapa Lubumbashi; Likasi ni kwa bibi yake, alikosoma darasa la kwanza na la pili tu. Yeye mwenyewe alikuwa ameipita orodha hiyo mara mbili bila kuona kitu, kwa sababu alisoma jina lake akaridhika, kama mwalimu alivyosema. Katibu alitazama cheti, akasahihisha mbele yangu kwa kalamu nyekundu, akanitaka nakala, nami nikatia sahihi pembeni. Nilimwomba niipige picha karatasi iliyosahihishwa. Alisita kidogo, kisha akakubali.

Tarehe ya malipo nimeipata na risiti ninayo, ya Exetat peke yake. Jumamosi shemeji yangu ataniwakilisha, amekwisha kuandikiwa barua. Nimemwomba pia tituleri, yaani mwalimu msimamizi wa darasa, awe anatutumia sauti ya Kiswahili kila tangazo la Kifaransa linapotoka, hata ya dakika moja; amesema ataliuliza kwa prefe kwanza. Somo la vitendo la binti ni vipimo vya urefu kwa darasa la tatu, na sasa nyumba nzima inapimwa kwa kamba, pamoja na mimi.

Limebaki jambo dogo. Karatasi ya disertasio inataja saa ya kuanza, na mtu mmoja kwenye kundi amesema hiyo ni saa ya Kinshasa. Je, ni kweli?

Mwalimu wa Kampemba

Hongera kwa Likasi hiyo, Mama. Kuhusu saa, Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja: kwetu ikiwa saa tatu asubuhi, kwao ni saa mbili. Kama karatasi imetoka kwa prefe wako, ichukulie kuwa ni saa ya Lubumbashi, ila mwulize akuthibitishie. Kama ni tangazo la kitaifa lililosambazwa tu kwenye simu, muulize ni saa ya wapi kabla ya kuitegemea. Vyovyote itakavyokuwa, mtoto awe kituoni mapema na kadi yake ya mwanafunzi, kwa sababu kituo cha mtihani si lazima kiwe shule yake mwenyewe. Mahali hapo mkapatafute kwa miguu siku moja kabla.