Tupeane uzoefu: kibodi ya laptopu ya zamani ikikugomea, wewe ulifanyaje?

Mtoto wa Lizaboni

Wakuu habari za jioni. Naandika kwa simu, na sababu ya kuandika kwa simu ndiyo mada yenyewe.

Nina steshenari hapa Songea. Kuchapa, kutoa kopi, kulaminisha vyeti, basi. Mashine ya kuchapia ni ThinkPad T420, mtumba wa Uingereza, toleo la 2011, ile yenye kibodi nene ya zamani ya safu saba. Imenilisha miaka minne bila kelele. Wiki iliyopita A ikaanza uvivu: unabonyeza mara tatu inatoka moja, tena kwa kubembelezwa. Juzi ikakata kauli, na haikuondoka peke yake. Imefuatana na Q, Z na 1.

Q nimeisamehe. Tangu nimenunua mashine hii sidhani kama nimeigusa mara kumi. Lakini Kiswahili bila A, jamani? Jana kaja kijana anataka barua ya kuomba kazi. Nikaanza na kichwa cha barua kama mkono ulivyozoea, macho yapo kwenye karatasi yake. Kuja kutazama skrini: YH: MOMBI Y KI. Kijana akasoma, akaniuliza kwa adabu kabisa kama hicho ni Kingoni.

Fundi mmoja wa hapa ameitazama dakika mbili, akasema kibodi ya laptopu haitengenezwi, nitafute mashine nyingine, na bahati nzuri yeye anayo moja ya kuuza. Nikaona nije huku kwanza. Aliyewahi kuuguza kibodi aseme alifanyaje, ilimla shilingi ngapi, na kama alijuta.

Kaka wa Tudor

Mzungu akipoteza A bado ana E ya kumsukuma. Sisi tukipoteza A hata "hapana" haitoki. Pole ndugu yangu.

Mama Wawili

Shukuru wewe imekufia ukiwa ndani. Mimi A ilinifia mlangoni. Paswedi yangu ilikuwa majina ya wanangu wote wawili, ukihesabu humo mna A tano. Kila nikiandika, inakataa. Siku mbili nzima naamini mkubwa kabadilisha paswedi ili acheze gemu peke yake, nimemgombeza mpaka akanuna.

Mdogo wangu alipokuja ndiye aliyenifumbua macho. Kwenye ile skrini ya kuingilia ya Windows, chini kulia, kuna kijialama karibu na cha kuzimia. Ukikibofya unapata chaguo la kibodi ya kwenye skrini, unabofya herufi moja moja kwa mausi. Nikaingia. Mtoto nikamnunulia soda, akainywa bila kunitazama usoni.

Bisibisi Nyota

Mkuu wa Songea, mimi ni fundi, nipo Kariakoo. Fundi mwenzangu simsemi, ila T420 ni mashine ya mwisho kuambiwa uitupe kwa ajili ya kibodi.

Kwanza jua mgonjwa ni nani. Azima kibodi ya nje ya USB, chomeka, bonyeza A. Ikitoka, basi Windows haina neno, aliyeumwa ni kibodi. Hata hivyo hao wanne kufa pamoja kumeshanipa picha. Ukitoa vitufe, chini yake kuna karatasi laini za plastiki zimelaliana, na juu yake zimechorwa njia nyembamba za umeme. Kitufe hakina njia yake peke yake, wanashirikiana kama nyumba za mtaa mmoja kwenye bomba moja la maji. Tazama kibodi yako: 1, Q, A, Z zimeshuka mstari mmoja, na mara nyingi mstari huo ni njia moja. Njia ikikatika, mtaa mzima unakauka.

Kitufe kimoja kikifa peke yake ndiyo nafikiria uchafu, au kipira cha chini kimechoka, au ule mkasi mdogo wa plastiki unaokibeba umevunjika. Hapo pamba ya masikioni na spiriti vinaweza kuokoa jahazi. Wanne kwa mpigo, usimalize spiriti yako.

Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi, hata wewe unaiweza. Zima, chomoa chaji, toa betri. Igeuze. Chini kuna skrubu nyingi lakini utaona baadhi zimechorewa alama ya kibodi pembeni. Fungua hizo tu, nyingine waachie wenyewe. Igeuze tena, weka vidole vya mikono miwili juu ya vitufe, sukuma kibodi nzima kuelekea kwenye skrini. Itateleza kidogo sana, kama unene wa shilingi, na ukingo wa mbele utanyanyuka. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanaivuta kama mfuniko wa sufuria. Taratibu! Chini kuna fleksi fupi, ule waya bapa unaoiunga kibodi na mashine, inua plagi yake wima ndipo kibodi itoke. Mpya inarudi kwa njia hiyo hiyo.

Kibodi ya T410, T420, T510, T520 na X220 ni moja. Muuzaji akisema ya T420 hana, muulize hizo nyingine. Ya T430 usipokee, ile ni ya safu sita.

Mtoto wa Lizaboni

Mkuu Bisibisi, nimeazima ya USB kwa jirani, A imetoka kama maji. Asante sana. Shida ni mbili: mteja akiweka rimu na bahasha zake mezani hakuna pa kuweka kibodi ya pili, na hela ya kibodi mpya naipata mwisho wa mwezi. Ni kama wiki tatu hivi. Nitakula nini?

Anko Pasua Kichwa

Wiki tatu unavuka. Tafuta programu ya bure inaitwa SharpKeys. Kazi yake ni kukiambia kitufe kizima kifanye kazi ya marehemu. Mashine yako ni ya Uingereza, kwa hiyo kati ya Shift ya kushoto na Z una kitufe cha ziada chenye mkwaju ulioegemea nyuma, huu hapa \. Huo ufanye Z. Caps Lock ipo ubavuni mwa A, ifanye A. Kile cha kona ya juu kabla ya 1 kifanye 1. Q apumzike kwa amani.

Inaandika mabadiliko ndani ya Windows kwenyewe, kwa hiyo lazima uzime na kuwasha, lakini faida yake inafanya kazi hata kwenye skrini ya paswedi. Mama Wawili angeijua mapema mtoto asingenuna. Mimi nilimalizia chuo hivyo hivyo, ripoti yote ya field nimeiandika kwa Caps Lock.

Bi Chaurembo

Wanangu, mimi nipo Tanga na yangu ni ya kujitakia.

Chai ya maziwa, iliki, sukari vijiko vitatu (daktari wangu asipite hapa). Mjukuu kapita mbio, kikombe chote kikaingia kwenye kibodi. Nikaifuta kwa kanga, nikaianika barazani juani, kifua wazi, kama mtu anayeanika mpunga. Jioni nikaiwasha, ikawaka. Nikashukuru Mungu, nikasahau.

Wiki ya tatu kitufe kirefu cha nafasi kikaanza kunata. Ukikibonyeza kinabaki chini, kinatafakari, ndipo kinapanda. Kisha M. Kisha safu yote ya chini. Fundi alipoifungua akaniita, "Mama, njoo uone mwenyewe." Zile karatasi za plastiki anazozisema Bisibisi zilikuwa zimegandana kama ubuyu, na alipozibandua zikatoa sauti, chwaa. Njia za umeme zimeingia weusi, mahali pengine zimeng'oka na karatasi ya juu. Na harufu ya iliki bado ipo, wallahi.

Akanieleza: maji yaliondoka, sukari na maziwa vikabaki vinakula taratibu. Ningezima pale pale, nikachomoa chaji na kutoa betri, nikaiegesha kifudifudi kama hema ili chai ishuke ilikotokea, nikampelekea siku hiyo hiyo, ningelipia kusafishwa. Nililipa kibodi 45,000 na ufundi 15,000. Jua ndilo liliniponza. Lilikausha juu nikajiona nimepona.

Kaka wa Tudor

Shikamoo Bi Chaurembo. Hiyo iliki imenimaliza.

Sasa niseme na yangu maana nilianza na mzaha. Ninyi wa T420 mnajisifu na skrubu zenu. Mashine mpya mpya hizi nyembamba, kibodi haifungwi kwa skrubu. Imeshikwa na vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, vidogo kama mbegu za ufuta, na ni vingi. Kuifikia lazima ushuke kwa chini: mfuniko, betri, feni, ubao wote unatoka, ndipo ukutane na mgongo wa kibodi. Fundi wangu wa kwanza, hapa hapa Mombasa, alivikwangua vyote kwa kisu, akaweka kibodi mpya, akaishika kwa gundi. Nikibonyeza katikati inabonyea kama godoro. Halafu gundi imeingia kwenye herufi H. Nikarudi kudai, akaniambia si H bado inaandika ukiipiga kwa nguvu?

Wa pili alinipa akili: kwa mashine za namna hiyo usinunue kibodi tupu, nunua sehemu ya juu yote, ile yenye pa kuegesha viganja, ikiwa na kibodi imeshafungwa tangu kiwandani. Unalipa zaidi, ila huambiwi upige H kwa nguvu. Mimi nilitoa ya mashine iliyovunjika skrini, ikaja na pa kuegeshea viganja pasafi kuliko pangu.

Bisibisi Nyota

Kaka umesema kweli tupu. Na kwenye zile zenye fleksi pana kama utepe, angalieni kufuli yake. Ni kijibapa cheusi au cheupe, kingine kinanyanyuka, kingine kinavutwa mbele. Ukikiondoa kwa hasira kinavunjika na fleksi haishiki tena. Nusu ya laptopu ninazoletewa kwa "kibodi mpya nayo haifanyi" ni fleksi imeingia upande upande. Itoe, ilaze sawa, funga kufuli, inapona. Huwa naona aibu kumtoza mtu hela kwa hilo, lakini namtoza.

Mswahili wa Ruwi

Salaam kutoka Maskati. Mpwa wangu anasoma Tanzania, ana HP ya zamani, akanitumia picha ya namba iliyo nyuma ya kibodi yake. Tarakimu sita, kistari, halafu 031. Nikaingia dukani, nikaona ile ile, tarakimu sita sawasawa, nikalipa. Ilipofika kwake akanipigia anacheka: vitufe vimejaa Kiarabu. Kumbe mwisho wake ulikuwa 171. Kwa HP zile tarakimu tatu za mwisho ndiyo lugha: 001 ya Marekani, 031 ya Uingereza, 041 ya Kijerumani, 051 ya Kifaransa, 171 ya Kiarabu.

Nikajuta, lakini ameitumia mpaka leo. Kompyuta haisomi maandishi ya juu ya kitufe, inajua tu kitufe cha mahali fulani kimebonyezwa. Lugha unaichagua kwenye Windows. Ukiwa na mkono uliozoea hata kibodi isiyo na maandishi utaandika. Anasema faida yake wenzake bwenini hawaiazimi.

Kinachosumbua kweli ni umbo. Ya Marekani ina Enter bapa, ya Uingereza ina Enter iliyosimama na kile kitufe cha ziada alichotaja Anko. Pima kwa macho kabla hujatoa pesa.

Mama Wawili

Huyo mpwa simwonei huruma hata kidogo.

Mtoto wa Lizaboni

Mrejesho. Nimefanya ya Anko. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu, kila nikitaka A kidole kinakwenda kwenye kaburi lake. Siku ya tatu kidole kidogo kikajua njia. Leo nimechapa katiba ya kikundi cha vikoba kurasa kumi na moja, hakuna aliyeuliza ni lugha gani. Yule kijana wa barua naye alirudi, kapata usaili.

Bisibisi, nimekutumia hela. Nataka ya Uingereza, ile ya Enter ndefu. Mpe kondakta wa basi la Songea, andika namba yangu juu ya boksi.

Bisibisi Nyota

Imeondoka asubuhi hii mkuu. Nimeijaribu vitufe vyote kabla sijaifunga. Ukishaifunga usisahau kufuta ile mipango ya SharpKeys.

Anko Pasua Kichwa

Tupe matokeo.

Mtoto wa Lizaboni

hBri \enu wKUU, KIBODI IMEFIK jN usiku

Kaka wa Tudor

???

Mtoto wa Lizaboni

Nimerudi kwenye simu. Kibodi imekaa vizuri, A inatoka, Z inatoka, hata Q nimeijaribu kwa heshima. SharpKeys nimeifuta kama nilivyoagizwa. Aliyebaki hajarekebishwa ni kidole changu, bado kinaijua Caps Lock tu. Na nje kuna mtu na binti yake, wanataka kadi za mwaliko mia mbili kabla ya saa kumi.