Je, ukaribu wa Wakanada na Wamarekani ni wa watu au wa serikali zao?

Mzawa_wa_Tanga aliuliza:

Wanajamvi, salaam aleikum. Ninaishi Windsor, Ontario, nchini Kanada, mji unaotazamana na Detroit ya Marekani ng'ambo ya mto. Tangu mapema mwaka 2025, Marekani ilipotangaza ushuru mpya kwa bidhaa za Kanada na Rais Trump akawa anarudia kusema kwamba Kanada iwe jimbo la 51 la Marekani, nimewaona watu wapole kabisa wakibadilika. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akivuka kwenda Detroit kutazama besiboli, ameapa kwamba hatakanyaga tena huko. Binti yake, hata hivyo, ni muuguzi katika hospitali ya Detroit, na kila siku ya zamu anavuka mpaka kwenda kuwahudumia Wamarekani bila kinyongo chochote. Baba na binti wanakula meza moja na wala hawagombani. Naomba wenye ujuzi wanieleweshe: ukaribu huu unaosifiwa sana umejengwa juu ya nini hasa, na je, unaweza kuvunjwa na maneno ya wanasiasa?

Msomaji wa Kale alijibu:

Ndugu Mzawa, swali lako ni zito na linastahili jibu lenye mifano. Mimi ningeanzia Halifax, mji wa bandari wa jimbo la Nova Scotia nchini Kanada. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, meli ya Mont-Blanc iliyosheheni baruti iligongana na meli ya Imo katika mlango wa bandari hiyo, ikashika moto na kulipuka. Watu karibu 2,000 walipoteza maisha na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa wameumia macho kwa vioo, kwa sababu walisimama madirishani kuutazama moto kabla ya mlipuko. Usiku wa siku hiyohiyo, kabla hata mji wa Boston, Marekani, haujapata habari kamili, treni yenye madaktari, wauguzi na dawa iliondoka mjini humo kuelekea kaskazini, ikapambana na dhoruba ya theluji njiani, na ikafika Halifax asubuhi ya tarehe 8. Mwaka uliofuata watu wa Nova Scotia walipeleka Boston mti wa Krismasi kama shukrani, na tangu 1971 wanapeleka mti kila mwaka, nao huwashwa taa katika bustani ya Boston Common. Fadhila iliyotendwa na watu ambao wote wamekwisha kufa bado inalipwa na vitukuu vya waliosaidiwa, tena kwa furaha.

Hata hivyo nisingependa tuzitenge serikali na watu kana kwamba ni vitu viwili visivyokutana. Wanadiplomasia wa Marekani walipotekwa Tehran mwishoni mwa 1979, sita kati ya wenzao waliponyoka na kufichwa na Wakanada, wengine nyumbani kwa Balozi wa Kanada, Ken Taylor, na wengine nyumbani kwa ofisa wake John Sheardown. Serikali ya Ottawa iliwapa pasipoti za Kanada kwa siri, wakatoka Iran Januari 1980. Hapo serikali ilitenda, lakini kitanda na chakula vilikuwa vya mtu na mkewe waliojua kwamba wakigunduliwa wao ndio watakaoadhibiwa.

Kalamu_ya_Mombasa alijibu:

Ninakubaliana na Msomaji, ila ningeomba tusipake asali. Sehemu kubwa ya Kanada inayozungumza Kiingereza ilianzishwa na watu waliokimbia Marekani baada ya mapinduzi yake, kwa kuwa walitaka kubaki chini ya mfalme wa Uingereza. Marekani ilijaribu kuivamia Kanada mwaka 1775 na tena katika vita vya 1812. Kwa hiyo kukataa kumezwa si jambo jipya lililozuka mwaka 2025. Ndiyo asili ya nchi yenyewe. Yule mzee wa Windsor hajawachukia Wamarekani, bali amekasirishwa na dharau, na hasira yake ni kubwa kwa sababu dharau hiyo imetoka kwa mtu wa karibu. Angetukanwa na mgeni angepuuza.

Binti Shangani alijibu:

Kaka Mzawa, naongeza mawili kwa ufupi. Septemba 11, 2001, anga ya Marekani ilipofungwa, ndege 38 za abiria zilielekezwa Gander, mji mdogo wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, wenye watu wasiofika 10,000, zikiwa na watu zaidi ya 6,000. Madereva wa mabasi ya shule walikuwa katika mgomo. Waliusimamisha ili wawabebe wageni. Wafamasia walipiga simu hadi nchi za mbali ili kuwapatia dawa wale waliokuwa wameziacha kwenye mizigo ndani ya ndege.

La pili linanisikitisha. Maktaba ya Haskell, ambayo jengo lake lilifunguliwa 1904, imejengwa juu ya mpaka wenyewe kati ya Derby Line, Vermont, Marekani, na Stanstead, katika jimbo la Quebec, Kanada. Mlango wake mkuu uko upande wa Marekani, na kwa miongo mingi Wakanada walipita kando ya jengo wakaingia bila kupitia kituo cha forodha. Mwaka 2025 Marekani iliubana utaratibu huo, na maktaba ikaanza kuchangisha fedha ili upande wa Kanada upate mlango wake. Kwa hiyo, kaka, maneno ya wanasiasa yanaweza kuwaumiza watu hasa pale yanapogeuka kuwa amri mpakani.

Mzawa_wa_Tanga alijibu:

Nawashukuru sana. Je, kuna ushirikiano wowote wa dharura ambao haukuguswa na mvutano huu?

Msomaji wa Kale alijibu:

Upo. Kila msimu wa moto, tangu 1994, Quebec huikodishia Los Angeles ndege za kuchota maji na kuyamwaga juu ya moto, na Januari 2025, maneno ya jimbo la 51 yakiwa yamekwisha kusikika, marubani wa Quebec walikuwa wakipigana na moto ule mkubwa wa California. Vikosi vya zimamoto vya miji ya mpakani ya St. Stephen, New Brunswick, Kanada, na Calais, Maine, Marekani, navyo vina desturi ya muda mrefu ya kuvuka daraja kusaidiana nyumba inapowaka upande wowote. Mimi nikitaka kujua hali ya ujirani huu, huwa naviangalia vikosi kama hivyo kabla ya hotuba za Washington au Ottawa.