Naomba ushauri: joto la banda la vifaranga linapotelea wapi?

Habari za majukumu wakuu. Nafuga kuku wa nyama hapa Sakina, Arusha, na baridi hii ya Julai inanitesa. Nimefunga taa mbili za wati 100. Kipimajoto kilichoning'inia usawa wa kichwa cha mtu kinasoma nyuzi 33, ambazo zinatosha kwa wiki ya kwanza. Lakini vifaranga wanalundikana pembeni, na ukimshika mmoja, miguu ni ya baridi kabisa.

Nijuavyo, joto lenyewe hutoka penye moto kwenda penye baridi, na hewa ya moto hupanda juu. Nahisi sakafu ya saruji ndiyo inayowanyonya kupitia miguu, maana maranda ni membamba. Maranda makavu hushika hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi.

Mliofugia ukanda huu wa Meru, maranda yafike unene gani? Nitandike maboksi chini kwanza? Na taa nizishushe hadi wapi bila kuwaunguza? Jiko la mkaa sitaki kabisa: hewa yake ya sumu hainuki wala haionekani, na banda limepakana na chumba cha watoto.